Kadi ya kijivu: Tiba ya nyuso zinazomezwa na giza katika picha

UKIFUNUA albamu za harusi katika nyumba nyingi nchini, hutakosa kukutana na picha ya namna moja. Shela na gauni la bibi harusi vimetokea vizuri, hata mshono wake unahesabika. Maua mikononi yana rangi zake zote. Lakini nyuso za maarusi wenyewe ni giza tupu. Macho, pua na tabasamu la siku ile vimemezwa, na mtoto atakayezaliwa katika ndoa hiyo itambidi aambiwe kwa maneno jinsi mamake alivyopendeza.

Wenye picha hujifariji kwa sababu nyingi. Wapo wasemao kwamba jua lilikuwa kali mno. Wapo wanaoilaumu kamera. Na wapo, jambo la kusikitisha zaidi, wanaoamini kwamba ngozi yao ni nyeusi mno kiasi cha kutoweza kupigwa picha ikatokea. Wahenga walinena kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ukweli ni kwamba kosa haliko kwenye jua wala kwenye ngozi ya mtu. Liko katika dhana moja ambayo watengenezaji wa kamera waliitia ndani ya kila chombo chao, na tiba yake ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani: kipande cha karatasi ngumu au plastiki yenye rangi ya kijivu, kinachoenea mkononi na kisichohitaji betri.

Kifaa hicho huitwa kadi ya kijivu. Makala haya yanaeleza kazi yake, sababu ya kutengenezwa kwake, na jinsi mpiga picha wa kawaida, hata yule mwenye simu ya mkononi tu, anavyoweza kuitumia.

Mtihani wa Milimani

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hili, na atazame mtaa wa Milimani mjini Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021. Mtaa huu uko upande wa juu wa mji, kuelekea miteremko ya volkano ya Menengai. Una nyumba zenye nyua pana, nyasi zilizokatwa vizuri na miti mikubwa ya kivuli, ikiwemo mijakaranda inayomwaga maua yake ya zambarau kando ya barabara. Ni mandhari ambayo maarusi wengi wangependa kuwa nayo katika picha zao.

Lakini mandhari hayo hayo ni mtego kwa kamera. Nakuru iko takriban kilomita 35 tu kusini mwa Ikweta, na kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini. Mwanga wake hushuka wima, ukapiga paji la uso na mabega na kuyaacha macho ndani ya kivuli. Chini ya miti, mwanga hupenya kwa mabaka mabaka. Nyasi nazo hurudisha mwanga wa kijani kuelekea kidevuni na shingoni. Katikati ya vurugu hilo anasimama bibi harusi aliyevaa nguo nyeupe kuliko vitu vyote vilivyo karibu naye, ameshikana mikono na bwana harusi aliyevaa suti nyeusi kuliko vyote. Kati ya vilele hivyo viwili ndipo zilipo nyuso zao.

Mpiga picha hubonyeza kitufe akiiachia kamera iamue. Je, kamera itaamua kwa kufuata nini?

Kamera hukisia

Kila picha hutegemea kiasi cha mwanga kinachoruhusiwa kufika kwenye filamu au kwenye kihisi, yaani kile kidude cha kielektroniki kilichochukua nafasi ya filamu. Mwanga ukizidi, picha hufifia na sehemu nyeupe huungua. Ukipungua, picha huzama gizani. Kiasi hicho huongozwa na mambo matatu: ukubwa wa tundu la lenzi, muda ambao shata hubaki wazi, na wepesi wa filamu au kihisi katika kuupokea mwanga, wepesi ambao hupimwa kwa tarakimu za ISO.

Wapiga picha huhesabu mabadiliko ya mwanga kwa kipimo kiitwacho stopu. Kuongeza stopu moja ni kuuzidisha mwanga maradufu. Kupunguza stopu moja ni kuugawanya nusu kwa nusu. Shata ikitoka sehemu ya 1/500 ya sekunde hadi 1/250, mwanga umeongezeka kwa stopu moja.

Ndani ya kamera kuna kipimamwanga, ambacho kazi yake ni kupendekeza kiasi kinachofaa. Kipimamwanga hicho kina upungufu mmoja mkubwa. Hakipimi mwanga unaokiangukia kitu. Hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu hicho. Kwa hivyo hakina namna ya kutofautisha kitu cheupe kilicho kivulini na kitu cheusi kilicho juani, iwapo vyote viwili vinarudisha mwanga sawa. Hakijui kama kilicho mbele yake ni gauni, makaa au uso wa binadamu.

Kwa kuwa hakijui, kipimamwanga hukisia. Kimewekewa dhana kwamba ukichanganya vyeusi na vyeupe vyote vilivyo mbele ya lenzi, wastani wake utakuwa kijivu cha kadiri. Kisha hurekebisha mwanga ili picha itoke na wastani huo. Mara nyingi dhana hiyo huwa karibu na ukweli: barabara, miti, watu na majengo ya kawaida vikichanganywa pamoja hukaribia kijivu hicho. Lakini kamera ikielekezwa kwenye kitu cheupe pekee, itakipunguzia mwanga mpaka kiwe kijivu. Ikielekezwa kwenye kitu cheusi pekee, itakiongezea mwanga mpaka nacho kiwe kijivu. Kwa kipimamwanga, dunia nzima ina rangi ya jivu.

Kwa nini asilimia 18?

Kadi ya kijivu imetengenezwa ili ilingane na dhana hiyo ya kamera. Uso wake huakisi asilimia 18 ya mwanga unaouangukia, na huakisi rangi zote kwa kiwango kimoja, bila kuegemea wekundu, ukijani wala ubuluu.

Msomaji makini atauliza: ikiwa tunatafuta kijivu cha katikati, mbona isiwe asilimia 50? Jibu limo katika namna jicho la binadamu linavyofanya kazi. Jicho huhisi tofauti za mwanga kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha. Chukua kitambaa cheusi, kinachoakisi takriban asilimia 3.5 ya mwanga. Zidisha kwa tano, utapata asilimia 17.5. Zidisha tena kwa tano, utapata asilimia 87.5, kiwango kinachokaribia cha karatasi nyeupe au gauni la harusi. Kwa jicho, basi, kijivu cha asilimia 18 kiko katikati ya safari kutoka weusi hadi weupe, kwa kuwa umbali wake kutoka kila upande ni mara tano.

Hesabu hii ya mara tano ndiyo ufunguo wa kila kitu kinachofuata.

Hesabu ya harusi

Turudi Milimani. Tuseme gauni linaakisi asilimia 90 ya mwanga, suti asilimia 3.5, na uso wa mtu mwenye ngozi nyeusi takriban asilimia 10. Kiwango hicho cha uso hakikubuniwa. Chati mashuhuri ya rangi 24 iliyotolewa mwaka wa 1976 na kampuni ya Macbeth, Marekani, ambayo hadi leo hutumiwa kupimia kamera, ina kisanduku cha ngozi nyeusi chenye uakisi wa karibu asilimia 10, na cha ngozi nyeupe chenye karibu asilimia 36.

Mpiga picha anamsogelea bibi harusi mpaka gauni lijaze fremu. Kamera inakuta asilimia 90 na kudhani ni 18. Inaupunguza mwanga mara tano. Gauni linatoka la kijivu, kama shuka iliyofuliwa kwa maji ya matope. Lakini gauni halikupunguzwa peke yake. Kila kilichomo ndani ya fremu kimegawanywa kwa tano. Uso uliokuwa na asilimia 10 umebaki na mbili. Kumbuka kwamba suti nyeusi ni asilimia 3.5. Kamera imeufanya uso wa mtu aliye hai kuwa mweusi kuliko suti.

Sasa mpiga picha anamgeukia bwana harusi, na suti ikajaza fremu. Kamera inakuta asilimia 3.5 na kudhani ni 18. Inauongeza mwanga mara tano. Suti inatoka ya kijivu, uso unapanda kutoka asilimia 10 hadi 50, ukapauka kama uliopakwa unga, na gauni lililo pembeni linavuka mpaka wa weupe na kuungua, lisibakize hata uzi mmoja unaoonekana.

Watu ni wale wale, jua ni lile lile, na picha zimeachana kwa sekunde chache tu. Hata hivyo, anayezitazama anaweza kudhani zilipigwa siku mbili tofauti na kamera mbili tofauti.

Mpiga picha akiweka kadi ya kijivu karibu na nyuso za maarusi na kuipima hiyo badala ya nguo, dhana ya kamera hugeuka kuwa kweli kwa muda huo mfupi. Kamera inadhani inatazama kijivu cha kadiri, na hakika ndicho inachokitazama. Gauni litakaa mahali pake, suti mahali pake na nyuso mahali pake. Kwa maneno mengine, kadi huilazimisha kamera kupima mwanga wenyewe, badala ya kupima nguo za watu.

Dhana ilivyojengwa bila sisi

Vipimamwanga vya kielektroniki vilianza kuenea miongoni mwa wapiga picha katika miaka ya 1930. Mnamo 1939 na 1940, wapiga picha wawili wa Marekani, Ansel Adams na Fred Archer, walibuni utaratibu wa kuigawanya picha katika ngazi kuanzia weusi kamili hadi weupe kamili. Kijivu cha asilimia 18 kikawa ngazi ya tano, ile ya katikati. Kampuni ya Kodak ikauza kadi zenye upande mmoja wa kijivu cha asilimia 18 na upande wa pili mweupe wa asilimia 90, na jina la kadi ya kijivu likaenea duniani.

Sambamba na historia hiyo ipo nyingine inayotuhusu zaidi. Katika maabara za kusafishia picha za rangi, mafundi walirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi nyingine kabisa, yenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Rangi ya ngozi ya mwanamke huyo ilipotoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka wa 2009, alionyesha jinsi kipimo hicho kilivyoziacha ngozi nyeusi bila kutunzwa kwa miaka mingi. Uchunguzi huo ulifichua jambo la kushangaza: miongoni mwa waliosababisha filamu za Kodak kuboreshwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba rangi mbalimbali za hudhurungi hazikutofautiana katika matangazo yao. Ni baadaye, katika miaka ya 1990, ambapo kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilianza kutumiwa.

Kamera za kisasa zimejitahidi. Mwaka wa 1983 kampuni ya Nikon ilitoa kamera ya FA, ya kwanza kupima mwanga kwa kuigawanya picha vipande vipande badala ya kutafuta wastani mmoja tu. Siku hizi kamera na simu nyingi hutambua nyuso na kuzipa kipaumbele. Mwaka wa 2021 kampuni ya Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikiwa na mfumo uliolenga hasa kuonyesha ngozi nyeusi kwa usahihi, ishara tosha kwamba hadi mwaka huo tatizo lilikuwa bado halijakwisha. Hatua hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo, programu nayo hukisia, tofauti ni kwamba hukisia kwa werevu zaidi. Kadi haikisii.

Ni kwa sababu hiyo kadi ya kijivu ina thamani ya pekee kwetu. Haina rangi ya mtu yeyote. Haimpendelei mweupe wala mweusi.

Namna ya kuitumia

Utaratibu wenyewe ni mfupi, na mtu akiufanya mara chache huwa mazoea.

Kwanza, kadi iwekwe mahali penye mwanga ule ule unaoangukia uso wa anayepigwa picha. Njia bora ni mhusika aishike mwenyewe chini ya kidevu chake. Ikiwa uso uko kivulini, kadi nayo iwe kivulini. Kuipima juani kisha kumpiga picha mtu aliye chini ya mti ni kupoteza wakati.

Pili, kadi ielekezwe kwenye kamera huku ikiinama kidogo upande unakotoka mwanga. Isiachwe ing'ae, na kivuli cha mpiga picha kisiiangukie.

Tatu, mpiga picha asogee au avute lenzi mpaka kadi ijaze fremu, au atumie kipimo cha sehemu ndogo ya katikati ikiwa kamera yake inacho. Si lazima kadi ionekane vizuri. Hapa tunapima mwanga tu.

Nne, kipimo kifungwe. Mwenye kamera kubwa aiweke katika hali ya kuendeshwa kwa mkono, ile yenye herufi M, na aache tarakimu zilizopatikana jinsi zilivyo. Mwenye simu aguse mahali kadi ilipo kwenye kioo na kushikilia kidole mpaka simu ionyeshe kwamba imefunga kipimo.

Tano, kadi iondolewe na picha zipigwe. Maadamu mwanga haujabadilika, hakuna haja ya kupima tena, hata kama anayefuata amevaa nyeupe, nyeusi au nyekundu. Wingu likilifunika jua, au watu wakihamia upande mwingine wa ua, kadi irudishwe na kipimo kichukuliwe upya. Katika nyanda za juu za Nakuru, ambako mawingu ya alasiri huja na kuondoka upesi, tahadhari hii ni muhimu.

Faida ya pili: rangi

Kadi hutatua pia tatizo la rangi. Mwanga una rangi yake, ingawa jicho hulizoea jambo hilo na kulisahau. Mwanga wa kivulini chini ya anga tupu huegemea ubuluu. Wa balbu za zamani huegemea uchungwa. Wa chini ya miti, kama ile ya Milimani, huegemea ukijani, na wa ndani ya hema la rangi huchukua rangi ya hema. Bibi harusi aliyekaa ndani ya hema la buluu anaweza kutoka akionekana kama mgonjwa.

Kwa kuwa kadi haina rangi, rangi yoyote itakayoonekana juu yake katika picha imetoka kwenye mwanga. Mpiga picha apige picha moja ya kadi mwanzoni mwa kila kituo, kisha aielekeze kamera iitumie kama kipimo cha weupe. Au akifika kwenye kompyuta, aiambie programu kwamba kipande kile ni kijivu halisi, nayo itaondoa rangi iliyozidi katika picha zote zilizopigwa katika mwanga huo. Kazi ya saa nzima humalizika kwa dakika chache. Ni muhimu kadi iwe imetengenezwa kwa kazi hii, maana karatasi nyingi zinazoonekana za kijivu zina rangi nyingine iliyojificha ndani yake.

Faida hiyo haiwahusu wapiga picha za harusi peke yao. Magharibi mwa jiji la Nakuru kuna Njoro, ambako kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo ya KALRO kimekuwa kikizijaribu aina za ngano dhidi ya kutu ya shina iitwayo Ug99, ugonjwa uliotambuliwa kwanza nchini Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Kutu za ngano hutofautishwa, pamoja na dalili nyingine, kwa rangi: kutu ya shina ni ya hudhurungi iliyokolea, ya majani huegemea uchungwa, na kutu ya manjano hujipanga kwa mistari ya manjano. Mkulima anayemtumia ofisa wa kilimo picha ya jani lililopigwa chini ya mwanga wa uchungwa anaweza kuwa ametuma ugonjwa mwingine kabisa. Kadi ndogo ikiwekwa kando ya jani, mpokeaji atajua ni rangi ipi ya kuamini.

Faru hashiki kadi

Msomaji atauliza tena: na mnyama je? Nani atamshikisha faru kadi?

Swali hilo lina maana katika Nakuru. Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, iliyo pembezoni mwa jiji, ni makao ya faru weusi na weupe, nyati, na ndege aina ya heroe, ambao wengi huwaita flamingo. Ziwa hilo, pamoja na Bogoria na Elementaita, liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka wa 2011. Katika miaka iliyofuata maji ya ziwa yalipanda sana, na heroe wengi wakahamia maziwa mengine. Lakini pale wanapokusanyika, heroe weupe wenye wekundu kidogo juu ya maji yanayometa huihadaa kamera kama gauni la harusi lifanyavyo, wakatoka wa kijivu. Nyati naye, akijaza fremu, huwa kama suti: hutoka amepauka.

Jibu ni kwamba jua liko mbali nasi kiasi kwamba nuru yake ni sawa kwako na kwa faru aliye umbali wa mita 100. Ikiwa yeye yuko juani, nawe uko juani ndani ya gari, toa kadi dirishani bila kushuka, ipime ikiwa imeelekea upande ule ule anaoelekea mnyama, ufunge kipimo, kisha umpige picha kwa raha zako. Sharti ni moja: kadi na mnyama wawe katika mwanga wa namna moja.

Asiye na kadi

Kadi hizi huuzwa katika maduka ya vifaa vya kamera na kwenye mtandao, na ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu zaidi ambavyo mpiga picha anaweza kununua. Hata hivyo, asiye nayo hajakwama.

Ya kwanza kati ya njia mbadala ni karatasi nyeupe ya kawaida ya kuchapishia. Ipime kama ambavyo ungeipima kadi, kisha uongeze mwanga mara tano, kwa hesabu ile ile ya awali. Kamera ikisema 1/500 ya sekunde, tumia 1/100.

Njia ya pili ni kiganja cha mkono. Viganja vya watu weusi havina rangi iliyokolea kama sehemu nyingine za ngozi, kwa hivyo hutofautiana kidogo tu kati ya mtu na mtu. Kwa kawaida kiganja huakisi takriban maradufu ya kadi. Kipime, kisha uongeze stopu moja: kamera ikisema 1/500, tumia 1/250. Mwenye busara atakilinganisha kiganja chake na kadi ya kuazima mara moja, ajue tofauti yake kamili, na tangu siku hiyo awe na kipimo asichoweza kukisahau nyumbani. Kiganja hakifai, lakini, kwa kurekebishia rangi.

Mipaka ya kadi

Haitakuwa haki kumaliza bila kutaja ambayo kadi haiwezi kuyafanya.

Kadi haiulainishi mwanga mkali. Jua likiwa utosini, vivuli vya macho vitabaki. Hapo dawa ni kuwahamishia maarusi kwenye kivuli kilicho sawa, kusubiri saa kumi, au kumwomba mtu ashike kitambaa cheupe kitakachorudisha mwanga usoni.

Kadi pia haimchagulii mtu ladha. Wapo wapiga picha ambao, wakishapata kipimo cha kadi, huongeza nusu ya stopu ili uso mweusi ung'ae zaidi, na wapo wanaopunguza ili gauni lisipoteze urembo wake. Huo ni uamuzi wa fundi. Tofauti ni kwamba anaufanya akiwa anajua alipoanzia.

Aidha, kamera hazikupimwa zote kwa asilimia 18 kamili. Nyingi hukaribia asilimia 12 au 13, tofauti ya karibu nusu ya stopu. Ndiyo maana inashauriwa kila mtu aijaribu kamera yake: apige picha ya kadi, aitazame histogramu, yaani ule mchoro wa vilima unaoonyesha mgawanyo wa mwanga, na kuona kama kilima cha kadi kimesimama karibu na katikati. Akishaijua tabia ya kamera yake, hatahitaji kuibahatisha tena.

Uso ni habari

Katika kazi ya uhariri wa gazeti, kila siku hupita mezani picha za watu wanaozungumza, wanaolia na wanaoshangilia. Picha ambayo uso wake umezama gizani hupata pigo la pili kiwandani, kwa sababu wino hutapakaa kidogo katika karatasi ya gazeti na kukiongezea weusi kila kilichokuwa cheusi tayari. Kilichoonekana kwa taabu kwenye kompyuta hakionekani kabisa asubuhi, na msomaji huletewa suti inayohutubia mkutano wa hadhara.

Gazeti litapata picha nyingine kesho. Maarusi hawatapata. Harusi haipigwi marudio, marehemu hapigwi picha ya pili na mzazi mzee harudi ujanani. Picha za watu hao huwekwa ili vizazi vijavyo vizione nyuso zao, na ni haki yao zionekane jinsi zilivyokuwa.

Kwa hivyo anayejiandaa kufunga ndoa chini ya mijakaranda ya Milimani, au popote pengine, ana swali moja la kumuuliza mpiga picha kabla ya kumlipa kitangulizi: utaupimaje mwanga wa nyuso zetu? Akijibu kwamba kamera yake ni ya bei ghali na hujipimia yenyewe, aombwe picha za maarusi wengine aliowahi kuwapiga katika jua la saa sita, gauni na suti vikiwa pamoja. Ndani ya picha hizo ndimo jibu lilimo.